Deheni, Rangi na Chini ya Chombo



Adui wa mashua si dhoruba peke yake. Yuko mdudu wa baharini, ambaye kwa hakika ni wa jamii ya chaza, aingiaye ubaoni akiwa mchanga mno kisha akakua humo akitafuna. Nje ubao huonekana mzima. Ndani umekwisha kuwa kama sega la nyuki.

Ndiyo sababu wazee wa pwani walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Siku hizi ipo rangi yenye shaba, nayo ni ghali. Ikipakwa juu ya chumvi na unyevu hubanduka, na fedha ya chama ikaenda na maji. Yafaa chombo kipandishwe kwa maji makuu ya bamvua, ili maji mafu yakiache pakavu. Kikwanguliwe, kioshwe kwa maji baridi, kikauke, na kalafati ikaguliwe.

Mahali panaposahauliwa mno ni chini ya mkuku na pale zinapoegemea gadi. Fundi huzizunguka gadi kwa brashi, bahari hujaa, na chombo huelea na kiraka kitupu. Mdudu hahitaji zaidi ya hapo. Gadi zihamishwe moja baada ya moja, na kila alama yake ipakwe.

Rangi zenye sumu ya bati zisinunuliwe hata zikiwa rahisi. Mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008 umezipiga marufuku, kwa kuwa hudhuru chaza na konokono wa baharini.