Hapana Isiyoandikwa: Mfanyakazi Aliyenyimwa Fidia na Mahali Anapomhitaji Wakili



Mchukueni kibarua yeyote wa ghala la nafaka hapa Mombasa. Gunia limemwangukia, bega limeteguka, amelazwa. Akirudi kazini msimamizi anamwambia, "Wewe ni kibarua tu, huna fidia." Mwenzake kiwandani anaambiwa bima imekataa. Wa tatu haambiwi lolote, ila arudi Jumatatu, na Jumatatu zinapita mpaka anachoka kuomba nauli. Wote watatu wanaondoka wakiamini wamenyimwa. Ninachotaka kuwaeleza jioni hii ni kwamba mpaka hapo hakuna aliyewanyima, maana waliowajibu hawana mamlaka hayo.

Sheria inayotawala jambo hili nchini Kenya ni ile ya mwaka 2007 ya manufaa ya majeraha kazini, ambayo wengi wetu tunaiita WIBA. Chini yake, anayechunguza dai na kuamua kama fidia inalipwa ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia maafisa wake walioko kaunti. Mwajiri kazi yake ni kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu alipoijua, kisha kulipa akitakiwa kulipa. Kampuni ya bima nayo ina mkataba na mwajiri. Ikikataa kumlipa mwajiri, huo ni ugomvi wao wawili. Deni la mwajiri kwa mfanyakazi wake halifutiki.

Kwa hiyo msaada wa kwanza wa kisheria ni mdogo sana kwa sura yake: kuigeuza ile hapana ya mdomoni iwe karatasi. Mfanyakazi apeleke dai lake mwenyewe kwa afisi ya Mkurugenzi kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali, au familia yake ifanye hivyo kabla ya miezi 12 tangu kifo. Asingoje mwajiri aripoti. Aombe uamuzi wa maandishi na sababu zake. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiutawala inapomgusa. Bila karatasi hiyo hakuna tarehe, na bila tarehe hakuna pa kuanzia kuhesabu.

Na kuhesabu ni lazima. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi huyohuyo. Mkurugenzi anatakiwa ajibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akishikilia uamuzi wake au akiubadilisha, na atoe sababu. Jibu likimfikia, mlalamikaji ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Anayeruka ngazi hizi akafungua kesi moja kwa moja kudai fidia ya jeraha ataambiwa mahakama haina mamlaka ya kumsikiliza, na siku zake zitakuwa zimekwisha huku akingoja tarehe ya kutajwa kwa kesi.

Ngazi hizi zilipatikana kwa ubishi mrefu. Sheria ilipoanza kutumika mwaka 2008, Chama cha Mawakili cha Kenya kilikwenda mahakamani kuipinga, na Machi 2009 Jaji Ojwang wa Mahakama Kuu akavitangaza vifungu kadhaa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha, isipokuwa vichache. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: dai la jeraha la kazini lianzie kwa Mkurugenzi, si kwa hakimu. Kesi zilizokuwa zimefunguliwa kabla ya siku hiyo zilihitaji mwongozo wa Jaji Mkuu Martha Koome, Aprili 2023, ili zimalizikie palepale zilipoanzia. Hebu fikirini waliojeruhiwa katika miaka hiyo yote, wakingoja kuambiwa mlango ni upi.

Mimi nakubaliana na Mahakama ya Juu. Mtu aliyekatika vidole hapaswi kuthibitisha uzembe wa mwajiri ili apate chakula. Lakini waliotunga njia hii walidhani kwamba ikiondolewa mahakama, hitaji la wakili nalo litaondoka, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Zamani malipo ya wakili yalitoka katika kesi ya madai. Mlango huo umefungwa. Na Sheria ya Mawakili inabatilisha mapatano ya kwamba wakili atalipwa endapo tu kesi itashinda. Basi mtu asiye na mshahara, mkono ukiwa kwenye bandeji, atamlipa nani ili amwandikie pingamizi ndani ya siku 60? Mawakala wanaozunguka hospitalini wakiahidi "tutagawana" wanamuuzia mkataba ambao sheria yenyewe haiutambui.

Pingamizi lenyewe linataka ujuzi, ingawa si ujuzi wa kubishana kortini. Akiambiwa ni kibarua, jibu ni kwamba sheria inaangalia mkataba wa utumishi, na mkataba huo unaweza kuwa wa mdomo. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila jioni, jina katika daftari la getini na ushahidi wa wenzake vinatosha kuanzia. Akiambiwa alichelewa kutoa taarifa, iulizwe mwajiri alijua lini, kwa sababu mwajiri aliyejua ajali hawezi kujificha nyuma ya taarifa ambayo hakuandikiwa.

Sababu inayoniudhi kuliko zote ni ile ya "alijitakia." Fundi ameingiza mkono kwenye mashine inayozunguka ili kutoa uchafu, kwa kuwa kuizima kungepunguza idadi ya kazi aliyodaiwa siku hiyo. Ripoti inaandikwa kwamba alikosa uangalifu, na dai linakataliwa. Sheria haisemi hivyo. Kinachozuia fidia ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hauizuii pale ajali inapoleta ulemavu mkubwa au kifo. Kukosa uangalifu si makusudi. Uchovu si makusudi. Haraka iliyotokana na shinikizo la msimamizi si makusudi. Kutofautisha haya katika kurasa mbili zilizoandikwa vizuri, zikiwa na taarifa ya aliyekuwa kwenye mashine ya pili, ndiko kunakookoa dai, na mwanafunzi wetu wa sheria wa mwaka wa tatu anaweza kufundishwa kuziandika.

Kuna pia kunyimwa kwa nusu, ambako watu hawakuhesabu kuwa kunyimwa. Fidia ya ulemavu wa kudumu ni mapato ya miezi 96, yakipimwa kwa asilimia ya ulemavu. Kwa anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, ulemavu wa asilimia 10 ni shilingi 144,000. Daktari akiandika asilimia 4, ni shilingi 57,600. Pingamizi la namna hii bila ripoti ya daktari wa pili ni maneno matupu, na ripoti hiyo ina bei. Anayetaka kweli kuwasaidia wafanyakazi atenge fedha za daktari kabla ya kutenga fedha za wakili.

Msaada upo, lakini umekaa mbali na jeraha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa wasiojiweza, ikawatambua wasaidizi wa kisheria pamoja na kliniki za sheria za vyuo vikuu. Shirika la Kituo cha Sheria limekuwa likiwahudumia maskini tangu 1973. Vyama vya wafanyakazi vina maafisa wanaozijua fomu za madai haya kwa moyo, ila kibarua hana kadi ya chama. Kwa hiyo naomba mbele yenu kliniki ya sheria ya chuo chetu iondoke katika jengo hili. Iweke meza karibu na afisi ya usalama kazini asubuhi za wiki, na kila anayefika aulizwe kwanza: uliumia lini, na karatasi yako iko wapi?

Mwisho, kuna wanaoshinda na hawalipwi. Mwajiri au bima anayetakiwa kulipa amepewa siku 90, lakini siku ya 91 sheria ya 2007 yenyewe haielezi wazi mshindi aifuate mahakama ipi ili tuzo ya Mkurugenzi itekelezwe, na waajiri sugu wanalijua pengo hilo. Bunge linaweza kuliziba kwa kifungu kimoja: tuzo isiyopingwa isajiliwe katika Mahakama ya Ajira na itekelezwe kama hukumu yake, bila ada kwa mfanyakazi. Rasimu ya kifungu hicho tumeiandika. Iko mlangoni, na tunawaomba wabunge wa Pwani walio humu ukumbini waichukue.