Mstaafu Ana Haki ya Kutoamini: Ahadi za Serikali na Mafao ya Uzeeni



Kila serikali inapotangaza kwamba kero za mafao zimepatiwa ufumbuzi, wastaafu wengi hujibu kwa neno moja: "Tutaona." Wapo viongozi wanaokerwa na jibu hilo na kuliita ukosefu wa shukrani au siasa za chinichini. Jioni hii nasimama kulitetea. Shaka ya mstaafu wa Tanzania imejengwa na kumbukumbu sahihi, na haitaondolewa na hotuba nyingine. Itaondolewa na ahadi ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuzikagua.

Tuanze na kumbukumbu yenyewe. Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege wakabaki na haki zao mikononi mwa nchi tatu zilizokuwa zikigawana mali. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984. Hata hivyo, wazee wa Tanzania walilazimika kwenda mahakamani mwaka 2003, na makubaliano ya malipo yakafikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kufa. Kijana aliyekuwa karani wa reli alikuwa sasa babu. Wenzake wengi walikuwa wamezikwa. Na hata baada ya makubaliano hayo, wapo walioendelea kulalamika kwamba walichopewa sicho walichostahili.

Pili, watumishi wa umma walioajiriwa kabla ya mfumo wa kuchangia wa mwaka 1999. Miaka yao ya nyuma haikuwa na michango, kwa hiyo Serikali ilibeba jukumu la kuifidia. Mfuko wao wa pensheni, PSPF, ukawalipa wastaafu kwa fedha za wanachama waliokuwa bado kazini, ukisubiri kurejeshewa. Deni likakua, mfuko ukadhoofika, na wastaafu wakaanza kusubiri mafao kwa miezi mingi. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na deni likahamia huko. Baadaye Serikali ilitoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yenye thamani ya shilingi trilioni 2.17. Hiyo ni hatua ya kweli na naipongeza. Lakini hebu tujiulize ni nani aliyebeba gharama ya miaka yote ya kungoja. Ni yule mwalimu aliyestaafu akiwa na msingi wa nyumba aliouchimba kwa kutegemea kiinua mgongo.

Tatu, kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Hapa naomba tupige hesabu pamoja. Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360, na mshahara unaotumika kwenye hesabu ni shilingi milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, alipata asilimia 50 ya mafao yake kwa mkupuo, yaani shilingi milioni 62 kwa mara moja, na pensheni ya takribani 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya mwaka 2018, mkupuo ulishuka hadi asilimia 25, yaani milioni 23.3, na pensheni ikapanda hadi takribani 465,000. Watetezi wa kanuni mpya walisema pensheni ya kila mwezi ndiyo inayomlinda mzee, na kwamba mfuko lazima uweze kuwalipa na watakaostaafu kesho. Hoja hizo zina uzito. Lakini mtu aliyepanga maisha yake kwa miaka 30 huwezi kumbadilishia hesabu akiwa mlangoni pa kutokea.

Desemba 2018 Rais Magufuli alisitisha kanuni ile na kuagiza ya zamani itumike hadi mwaka 2023. Watu wakashusha pumzi, wakapanga upya. Baada ya mazungumzo na vyama vya wafanyakazi na waajiri, kanuni nyingine ilianza Julai 2022, kabla ya mwaka ulioahidiwa kufika, ikiwa na mkupuo wa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 chini ya kanuni za zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kwa mtumishi wetu wa mfano, asilimia 40 ni takribani milioni 37. Ni nafuu, lakini ndani ya miaka sita alitajiwa viwango vinne. Akisema "tutaona", amekosea wapi?

Sisemi kwamba ahadi zote ni hewa. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, na baadaye kiliongezwa. Lakini ahadi ile ilikuwa na umri, kiasi na mwezi wa kuanza. Bibi wa Makunduchi aliweza kujua mwenyewe kama imetimizwa, kwa kuhesabu noti mkononi. Huku Bara, pensheni ya wazee wote imezungumzwa tangu zamani, na mkulima mzee bado anaingoja.

Tofauti iko hapo. Ahadi inayosema "tunalifanyia kazi" haiwezi kuvunjwa, kwa sababu haikujifunga kwa lolote. Mstaafu anaikuta dirishani, akiwa na bahasha ya khaki yenye barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na hati za mshahara. Anaambiwa baadhi ya michango haionekani, arudi kwa mwajiri. Mwajiri anamrudisha kwenye mfuko. Kila ofisi ina jibu, lakini hakuna ofisi yenye kosa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Mosi, kila ahadi ya mafao itajwe pamoja na fungu lake kwenye bajeti. Pili, mfuko utangaze kila robo mwaka ni wastaafu wangapi wamelipwa kwa wakati na wangapi wamecheleweshwa. Tatu, fao linalochelewa lilipwe pamoja na riba bila mstaafu kuandika barua ya kuomba. Nne, mabadiliko ya kanuni yasimguse aliyebakiza miaka mitano au pungufu kazini.

Tunasema ahadi ni deni, kisha tunamshangaa mdai anapodai. Wanafunzi wangu, mtakaokaa kwenye ofisi hizo kesho, msiombe kuaminiwa. Wekeni tarehe na kiasi, kisha lipeni. Na ninyi wazee wetu, endeleeni kuuliza, maana maswali yenu yanawalinda hata hawa ambao bado hawajaanza kuchangia.