Betri Mbili, Kazi Mbili



Nimeombwa niseme juu ya udereva wangu. Nitasema kosa moja tu. Usiku mmoja ng'ambo ya Busisi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, nililala kijijini na Lendikruza yenye jokofu la chanjo. Jokofu nililiunga kwenye betri ya kuwashia injini. Alfajiri stata haikugeuka, na chanjo zilikwisha pata joto. Akina mama waliotembea tangu usiku wakarudi na watoto bila kuchanjwa.

Betri ya kuwashia ina mabamba ya risasi mengi na membamba: hutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha injini huijaza. Ile tuiitayo ya sola ina mabamba manene. Hustahimili kutumika polepole usiku kucha. Hata hiyo, usiishushe chini ya nusu, yaani kama volti 12.2, isife mapema.

Sasa nafunga zote mbili, na swichi ya kuzitenga.

Vijana, somo hilo la umeme nilifundishwa hapa hapa, nikalifaulu, nikaliacha darasani. Ninyi tokeni nalo.