MLANGO WETU WA BAHARINI: BANANA, MOANDA NA BOMA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa shaba na raia wa mji



Juma lililopita kijana mmoja wa kazi ya chini ya udongo alituuliza: "Ni kweli Kongo iko na bahari?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka. Kijana yule amechimba shaba miaka tisa. Ameona malori yakiipeleka Kasumbalesa, amesikia majina ya Durban na Dar es Salaam, lakini hajasikia hata siku moja kwamba shaba yake imepita katika bahari ya inchi yake mwenyewe. Swali lake ni la haki, na ndiyo sababu tumesimama mbele yenu leo.

Ndiyo, bahari iko, lakini ni kidogo sana. Inchi yetu ina zaidi ya kilometa za mraba 2,300,000, na pwani yake haifiki kilometa 40. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuitembea yote kwa siku mbili. Kaskazini kuna Cabinda, ambayo ni ya Angola. Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, kuna Soyo, nayo ni ya Angola. Tumebanwa katikati kama mtu aliyekaa kwenye benchi kati ya wanene wawili.

Mji wa Moanda umekaa juu ya genge, na chini yake mawimbi yanakula udongo mwaka hata mwaka. Banana, msidhani ni shamba la ndizi. Ni ulimi mwembamba wa mchanga, bahari upande huu, maji ya mto upande huu. Nyuma yake kuna mikoko, miti inayosimama na mizizi yake ndani ya maji ya chumvi, na huko nguva wanaishi. Tangu 1992 ni hifadhi ya serikali. Wenyeji ni Wawoyo na Wasolongo, wavuvi tangu zamani, na juu zaidi, katika msitu wa Mayumbe, ni Wayombe.

Mto wenyewe ni ajabu. Mito mingi mikubwa ikifika baharini hutupa mchanga wake na kujitengenezea visiwa. Kongo haufanyi hivyo, kwa sababu bonde refu sana limechimbwa chini ya maji, likianzia ndani ya mdomo wa mto na kuendelea mbali chini ya bahari. Mchanga unaanguka humo. Kwa hiyo Banana ina maji marefu karibu na nchi kavu. Lakini panda juu kuelekea Boma: hapo mchanga unahamahama, njia ya meli inabadilika, na lazima uchimbwe kila mara. Karibu na Matadi maji yanazunguka kwa nguvu mpaka wazungu wakapaita Jungu la Jehanamu. Shikeni neno hili, tutalirudia.

Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo huu mwaka wa 1482. Alikuta ufalme wa Kongo upande wa kusini, na pwani ya kaskazini falme za Ngoyo, Kakongo na Loango. Biashara ilianza kwa nguo na pembe, ikageuka kuwa biashara ya watu. Cabinda na Malemba na Boma zilikuwa milango ya kutolea watumwa, na wengi wao hakuna aliyeandika majina yao. Tarehe 9 Agosti 1877 Stanley alifika Boma, akitoka Zanzibar tangu 1874. Sisi tunaosema Kiswahili tukumbuke ni nani waliobeba masanduku yake: watu wa Zanzibar na wa pwani ya mashariki, na wengi walikufa njiani.

Kisha ukaja mkutano wa Berlin, 1884 na 1885. Leopold II alitaka mdomo wa mto, Wareno nao waliutaka. Wakagawana: Wareno wakabaki na Cabinda na ukingo wa kusini, Leopold akapata kipande hiki chembamba. Boma ikawa mji mkuu tangu 1886 hata miaka ya 1920.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wa Katanga, ambalo shuleni halisemwi sana. Mwaka wa 1927 Wabelgiji walihitaji nafasi karibu na Matadi kwa ajili ya reli na bandari. Nafasi ile ilikuwa ya Wareno. Ilikuwa kilometa za mraba 3. Ili kuipata, Wabelgiji waliwapa Wareno kipande cha inchi upande wa Dilolo, ambacho kwa umbo lake kiliitwa buti ya Dilolo: kilometa za mraba karibu 3,500. Tatu kwa elfu tatu na mia tano! Wenyeji wa Dilolo hawakuulizwa. Bei ya mlango wa baharini ililipwa kwa udongo wa huku kwetu.

Na reli ya Matadi ililipwa kwa watu. Toka Matadi mpaka Kinshasa mto una maporomoko zaidi ya thelathini, na kabla ya reli kila mzigo ulipita juu ya kichwa cha mtu. Reli ilijengwa toka 1890 mpaka 1898. Hesabu iliyotolewa ilisema wazungu 132 walikufa, na weusi 1,800. Hesabu ya wazungu imehesabiwa moja moja, ya weusi imekatwa kwa mamia. Ninyi mnaojua jinsi ajali inavyoandikwa kazini mtaelewa.

Tena msiseme pwani ni mbali. Ni Kitona, karibu na Moanda, ambako Tshombe na Adoula walitia sahihi tarehe 21 Desemba 1961 juu ya kumaliza kujitenga kwa Katanga. Ni Kitona tena ambako mwezi wa Agosti 1998 askari walishushwa kwa ndege kutoka Goma, wakashika Inga, na Kinshasa ikakosa umeme. Na umeme huohuo wa Inga, kwa waya wa kilometa karibu 1,700, unafika Kolwezi kwa kazi ya shaba. Unapita juu ya vijiji ambavyo jioni vinawasha koroboi.

Utajiri wa pwani ni upi? Zamani Mayumbe ilitoa mbao, mawese, kakao na ndizi, na reli ndogo ilitoka Boma mpaka Tshela. Iling'olewa mwaka wa 1984. Tangu 1975 mafuta ya petroli yanatoka baharini mbele ya Moanda, siku hizi kama mapipa elfu ishirini na kitu kwa siku. Angola, jirani wa kushoto na kulia, inatoa karibu milioni. Yetu yanauzwa mabichi, nasi tunanunua petroli iliyosafishwa kwa wengine. Wavuvi wanalalamika juu ya samaki, na usiku moto wa gesi unawaka.

Sasa turudi kwenye mchanga wa mto. Meli kubwa haziwezi kupanda mpaka Matadi. Mizigo mingi inashushwa Pointe-Noire, inapakiwa tena katika meli ndogo, na gharama ile inaonekana katika bei ya unga na ya sabuni. Kwa hiyo mwezi wa Januari 2022 jiwe la kwanza la bandari ya maji marefu liliwekwa Banana, pamoja na kompani ya Dubai: gati ya mita 600 kwa kuanzia.

Ni vizuri. Lakini mzee mmoja alituuliza, na tunamshukuru: "Reli itapita wapi?" Toka Kolwezi mpaka Lobito ni kilometa karibu 1,800 kwa reli moja, ikipita Dilolo, njia hiyo ilikatwa na vita vya Angola tangu 1975, ikatulaza miaka mingi. Kwa njia ya inchi yetu, mzigo unakwenda kwa reli mpaka Ilebo, unapakuliwa, unashuka mto mpaka Kinshasa, unapakuliwa, unapanda reli mpaka Matadi. Hapo reli inakwisha. Daraja la Matadi, lililofunguliwa 1983 kwa msaada wa Wajapani, liliachiwa nafasi ya reli ya kwenda Banana. Malori yanapita juu yake. Nafasi ya reli ingali tupu.