Oksijeni Haitoki kwenye Hewa Ukaa



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine kabisa. Kisha mpwa wangu wa kidato cha pili akaniletea daftari lake la biolojia. Alikuwa ameandika: mmea huvuta hewa ukaa, hubakiza kaboni, hutoa oksijeni. Pembeni, alama ya vema kwa wino mwekundu. Usiku ule sikulala vizuri, na mhadhara wangu wa awali nikauweka kando.

Mtoto hana kosa. Mlinganyo anaokariri unasema molekuli 6 za hewa ukaa na 6 za maji huzaa glukosi moja na molekuli 6 za oksijeni. Hebu tuhesabu. Molekuli 6 za oksijeni ni atomu 12, na maji 6 yana atomu 6 tu za oksijeni. Mwenye akili ataziazima wapi hizo 6 nyingine kama si kwenye hewa ukaa? Ukweli ni kwamba yanaingia maji 12, kisha yanatoka 6 mapya, nasi tumeyakata pande zote mbili ili ubao upendeze. Kihesabu ni halali. Kikemia ni kuficha ushahidi.

Kosa hili lina ukoo mkubwa. Otto Warburg wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, alifariki mwaka 1970 akiwa bado anashikilia kwamba oksijeni hutoka kwenye hewa ukaa. Na hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1958 alionyesha kwamba kloroplasti zikinyimwa hewa ukaa huzembea kutoa oksijeni. Ni kweli, huzembea. Lakini leo tunajua kwamba bikaboneti hujishikiza upande wa pili wa mtambo, kwenye atomu ya chuma, kule elektroni zinakopokelewa. Mashine ya kusaga ikikosa grisi husimama. Hakuna anayesema unga hutoka kwenye grisi.

Majaribio ya Hill na kloroplasti zake, na ya Ruben na Kamen na maji ya oksijeni-18 mwaka 1941, yanayotajwa kuwa ushahidi kwamba oksijeni hutoka kwenye maji, mnayajua, nayapita. Niseme tu, kwa haki, kwamba lile la 1941 si safi kama tunavyolisimulia, kwa sababu hewa ukaa iliyomo majini hubadilishana atomu za oksijeni na maji yenyewe. Kwa hiyo, mimi ninapobanwa, sikimbilii huko. Nakimbilia kwenye tope.

Waliokulia kando ya mikoko wanalijua tope hilo. Unatia mguu, linakumeza hadi gotini, na harufu ya yai viza inakupanda puani. Hiyo ni haidrojeni salfaidi. Humo huishi bakteria wa salfa, wengine wa zambarau, wengine wa kijani, na bakteria wa namna hiyo ndio Mholanzi Cornelis van Niel aliowafuga kwenye chupa huko Pacific Grove, California. Makala yake ya 1931 nimeisoma mara nyingi hata nakala yangu imelegea mgongo. Bakteria hao hutumia nuru na hewa ukaa kama jani, ila mahali pa maji wao hutumia ile gesi ya yai viza. Oksijeni hawatoi hata chembe. Wanatoa salfa. Ukiwatazama wa zambarau kwa hadubini, unaiona ndani ya miili yao, punje punje zinazong'aa. Van Niel akaona: hewa ukaa ni ileile kwa bakteria na kwa jani, kilichobadilika ni anayenyang'anywa haidrojeni. Akinyang'anywa salfaidi, inabaki salfa. Yakinyang'anywa maji, inabaki oksijeni. Baadaye aliteleza, akadhani hata bakteria wale hupasua maji. Namsamehe.

Upasuaji wenyewe hufanywa na fundo dogo la atomu 4 za manganizi, 1 ya kalsiamu na 5 za oksijeni, ambalo Shen, Kamiya na wenzao wa Japani walilipiga picha ya kina mwaka 2011. Hufanya kazi kama kibubu. Kila mmweko wa nuru ni sarafu moja, yaani elektroni moja iliyochukuliwa; zikitimia 4, molekuli 2 za maji zinapasuka na oksijeni inatoka. Kibubu kilicholala gizani huwa tayari kina sarafu moja. Ndiyo maana Pierre Joliot, mwaka 1969, alipata mlipuko mkubwa wa oksijeni kwenye mmweko wa 3, kisha wa 7, kisha wa 11.

Wenzangu wa idara ya Kiswahili wamechoka kunisikia nikilalamikia neno "usanisinuru". Linasifu ujenzi peke yake. Kujenga kwa nuru hata bakteria wa tope wanajua, lakini hewa hii tunayovuta ukumbini isingekuwapo kwa ujenzi wao. Somo lianze na maji yanayopasuka, sukari ije baadaye. Nimepingwa kwa hoja nzuri, na bado nasema hivyo.

Mama, yale mapovu yanayoganda kwenye mwani saa sita mchana, uliyoniambia ni jasho la bahari, ni oksijeni ya maji yaliyopasuliwa. Nanyi walimu mliomo humu: kesho, mkishika chaki, andikeni maji 12.