Ada Ndogo Juu ya Ada: Mkazi Ajue Nini Anapolipia Mbuga, Kambi na Vibali kwa Simu

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikao vya wananchi vya wadi



Mwalimu anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake Mbuga ya Kitaifa ya Ruma siku hizi habebi bahasha ya noti. Ruma iko karibu, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Imekuwa mbuga ya kitaifa tangu mwaka 1983, na ndiko anakoishi korongo, paa mkubwa ambaye hapatikani porini kwingine nchini Kenya. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, halipokei pesa taslimu langoni. Mwalimu huingia eCitizen, akachagua mbuga na tarehe, akajaza idadi ya watu, akapata ankara na kulipa kwa simu.

Utaratibu huu una faida ambazo hakuna haja ya kuzificha. Pesa zisizopita mkononi mwa mtu ni vigumu kupotelea mfukoni mwake. Risiti ipo, tarehe ipo, na aliyelipa hawezi kuambiwa kwamba jina lake halikuonekana kitabuni. Anayekwenda kupiga kambi hujua kabla ya kutoka nyumbani kama nafasi ipo.

Lakini katika huduma nyingi za eCitizen, chini ya bei ya huduma yenyewe huwa kuna mstari mwingine. Hiyo ni ada ya kuchakata malipo, ambayo wengi wameizoea kuwa Sh50. Mazungumzo ya leo yanahusu mstari huo wa pili.

Sh50 ni nini?

Kwa mtu mmoja anayelipa mara moja kwa mwaka, Sh50 haimkoseshi usingizi. Lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Chukua mfano wa wanafunzi 30. Mwalimu akiwalipia wote kwa ankara moja, ada hiyo hukatwa mara moja. Kila mzazi akilipa peke yake, hukatwa mara 30, nayo ni Sh1,500. Watoto ni walewale, lango ni lilelile, ila Sh1,500 zimekwenda. Kwa hivyo ushauri wa kwanza ni mwepesi: kundi lilipe kwa ankara moja kila inapowezekana.

Kisha kuna gharama zisizoandikwa kwenye ankara. Mwenye simu ya kabambe humlipa kijana wa saiba amjazie fomu. Anayetoka mbali hulipa nauli ya bodaboda hadi mjini. Mtandao wa simu nao una makato yake. Mtu wa aina hii ndiye mwenye kipato kidogo, na ndiye anayelipa zaidi kuingia mahali palepale.

Mahakama zimesema nini?

Mapema mwaka 2024, Wizara ya Elimu iliagiza wazazi wa shule za kitaifa walipe karo kupitia eCitizen. Agizo hilo lilipelekwa mahakamani. Aprili 2025, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba lilikiuka Katiba, kwa kuwa umma haukushirikishwa na hapakuwa na msingi wa kisheria. Kuhusu ile Sh50, alisema kuitoza ni kinyume cha sheria, kwani mzazi alikuwa anatozwa mara mbili.

Kesi hiyo ilihusu karo. Haikuhusu mahema wala viingilio vya mbuga, na mtu asiende langoni akidhani amesamehewa malipo. Hata hivyo, hoja iliyoamuliwa inavuka mipaka ya shule: ada haiwi halali kwa sababu ni ndogo, wala kwa sababu mtambo wa malipo umeiongeza wenyewe.

Si Kenya pekee iliyofika hapo. Nchini Marekani, nafasi za kambi na vibali vya kuingia maeneo mengi ya ardhi ya umma huwekwa kupitia tovuti moja ya serikali, Recreation.gov, inayoendeshwa na kampuni ya binafsi kwa mkataba. Katika eneo la Red Rock Canyon, karibu na Las Vegas, mgeni alitakiwa kulipa dola 2 za kuchakata juu ya kiingilio. Mgeni mmoja alikwenda mahakamani. Mwaka 2022, jaji wa mahakama ya shirikisho jimboni Nevada alikubaliana naye kwamba ada hiyo iliwekwa bila kufuata sheria inayotaka wananchi wapewe taarifa na nafasi ya kutoa maoni. Dola 2 kule na Sh50 hapa zimezaa swali moja: nani aliulizwa?

Je, hapa nyumbani?

Kisii na Nyamira hazina mbuga ya kitaifa. Lakini upo ukingo wa Manga unaoutazama mji wa Kisii kutoka juu, na viko vilima vya Kiabonyoru. Vijana hupanda, makanisa huenda kuomba, shule hupeleka wanafunzi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya utalii wa mashinani na bustani za kaunti. Siku kaunti yoyote ikipendekeza kwamba mahali kama hapo paandikishwe na kulipiwa mtandaoni, mkazi awe na maswali matano tayari.

La kwanza: ardhi ni ya nani? Sehemu kubwa ya ardhi ya Gusii ni mashamba ya familia. Kaunti haiwezi kutoza kiingilio kwenye shamba la mtu kana kwamba ni lake. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaeleza ardhi ya umma ni ipi. Ile iliyo chini ya kaunti inashikiliwa kwa niaba ya wakazi, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

La pili: sheria ipi inairuhusu ada hiyo? Kifungu cha 209 kinaruhusu kaunti kutoza kwa huduma inazotoa. Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kama kiingilio kimo ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti lakini ada ya kuchakata haimo, mkazi ana haki ya kuuliza hiyo ya pili imetoka wapi.

La tatu: pesa zinakwenda wapi? Kifungu cha 207 kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vingine. Kiingilio kikiingia huko, kinaweza kufuatiliwa hadi kwenye choo kilichojengwa au njia iliyotengenezwa. Ada ya kuchakata ikibaki kwa mwenye mtambo, ni lazima ijulikane ni kiasi gani na kwa mkataba gani. Mkaguzi Mkuu wa Serikali amewahi kuibua maswali kuhusu usimamizi wa mapato ya eCitizen yenyewe. Wakazi kuuliza ya kwao si uchokozi.

La nne: mvua ikinyesha? Gusii hupata mvua karibu mwaka mzima. Aliyelipia kambi Jumamosi, njia ikateleza na safari ikavunjika, atarudishiwa pesa, atabadilishiwa tarehe, au atapoteza vyote? Jibu liandikwe pale anapolipia, kabla hajabonyeza kitufe.

La tano: asiye na simu ya intaneti aingieje? Mzee anayeishi chini ya kilima asizuiwe kupanda kilima alichokulia kwa sababu tu hana akaunti. Pawe na njia nyingine isiyomgharimu zaidi. Kwa huduma za serikali ya kitaifa, Vituo vya Huduma mjini Kisii na mjini Nyamira husaidia wasioweza kujaza wenyewe. Utaratibu wa kaunti usiwe mgumu kuliko huo.

Mahali pa kuuliza

Wengi hulalamika langoni. Mlinzi wa lango hakutunga ada hiyo na hana uwezo wa kuifuta. Mahali pake ni kwenye kikao cha Mswada wa Fedha. Kwa kawaida, Bunge la Kaunti linatakiwa kuupitisha mswada huo ndani ya siku 90 baada ya kupitisha matumizi ya mwaka. Jedwali la ada huambatanishwa na mswada. Mkazi aliombe, alisome mstari kwa mstari, na atoe maoni kwa maandishi ili yabaki kwenye kumbukumbu. Maneno ya mdomo husahaulika hata na aliyeyasema.

Nafasi hiyo ikipita, bado kuna njia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwombaji ndani ya siku 21. Akinyimwa jibu, anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman na ambayo kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge ana Haki".

Mwisho, kila aliyelipa ahifadhi risiti na ujumbe wa simu, na asome mistari yote miwili: kiingilio na kile kilichoongezwa juu yake. Kaunti inahitaji mapato, na njia za vilimani hazijitengenezi. Mkazi akijua analipia nini, atalipa bila kinyongo. Akifichwa, hata Sh50 itakuwa nzito.