Barabara ndiyo reli yetu: neno kwa vijana wa Kasongo na Kabambare



Reli inatoka Kindu, inapita Kibombo, inaenda Kongolo. Mjini Kasongo haifikie, wala Kabambare. Kwa hiyo reli yetu ni barabara ya udongo, na wenye kuitunza ni makantonye, watu wa jembe na panga.

Kazi yao iko na majira. Mwezi wa sita mpaka wa nane mvua inapumzika. Hapo wanazibua mifereji, wanafyeka majani ili jua likaushe njia, wanajaza mashimo. Mvua ya mwezi wa tisa haingojee mtu. Mfereji mmoja ukiziba, maji yanapita katikati ya njia, lori linazama, chumvi inapanda bei sokoni. Mama mgonjwa anabebwa kwa kipoyi.

Makuta ya kazi hii si zawadi. Tangu 2008 iko FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, na kila anayenunua mafuta anauchangia. Hata wewe wa pikipiki.

Basi tunadai mambo matatu. Kantonye alipwe kwa wakati. Hesabu ya kila kipande cha barabara ibandikwe mbele ya ofisi ya teritware. Na bariera ya mvua isifunguliwe kwa lori la mkubwa yeyote wakati njia ingali tope.

Na sisi? Kila juma tupite njiani, tupige picha za mifereji, tuandike mahali na tarehe. Anayeona mfereji umeziba akanyamaza, amesaidia mvua.

Tusimame, tusichoke!